Karatasi ya maelekezo ya pampu: uiombe akili mnemba, utafsiri kijitabu, au uanze na sauti ya fundi?

Pampu ya petroli ya inchi mbili ikitoka dukani Arusha kwenda shambani Mbuguni, Kikwe au Ngarenanyuki, inasindikizwa na kijitabu cha Kiingereza chenye herufi ndogo. Kijitabu hubaki kwenye boksi. Kinachofika shambani ni maneno ya muuzaji: weka oili, weka petroli, vuta kamba. Duka, kikundi cha umwagiliaji au mwalimu wa ufundi anayetaka kumpa mkulima karatasi ya Kiswahili iliyonyooka sasa ana msaidizi kwenye simu, yaani programu ya akili mnemba, na msaidizi huyo anajaza ukurasa kabla chai haijapoa. Swali ni namna ya kumtumia.

Njia ziko nne. Unaweza kumwomba aandike kila kitu mwenyewe. Unaweza kumpa picha za kijitabu atafsiri. Unaweza kumpa maneno ya fundi ayapange. Au fundi aandike, naye aulize maswali tu. Tumezilinganisha kwa mashine moja ili tofauti zionekane: pampu ya inchi mbili, injini ya petroli ya mipigo minne ya ukubwa wa sentimita za ujazo 163 hadi 196, ile ya kuvuta kamba iliyojaa madukani.

Jibu kwa mwenye haraka: karatasi ya kuwasha, kuzima na kutunza itoke kwenye sauti ya fundi, na namba zitoke kwenye kijitabu. Kuomba tu kunafaa kwa kupata mpangilio wa vichwa. Penye umeme mkubwa, moto au gesi, fundi aandike mwenyewe.

Hatua moja, njia nne

Chukua hatua ndogo kuliko zote, kuangalia oili. Hivi ndivyo kila njia inavyoiandika.

Ukiomba tu: "Hakikisha kiwango cha mafuta kinatosha kabla ya kuwasha."

Ukitafsiri kijitabu: "Ondoa kifuniko cha kujazia mafuta chenye kipimo na ukifute kiwe safi. Ingiza kipimo bila kukizungusha kwenye shingo ya kujazia, kisha kiondoe ili kuangalia kiwango."

Fundi akiandika peke yake: "Cheki oili kwanza."

Ukianza na sauti ya fundi, ukaongeza namba za kijitabu: "Weka pampu mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa. Fungua kifuniko cha oili, namba 3 kwenye picha. Futa kijiti kwa kitambaa. Kitumbukize bila kukizungusha, kisha kitoe. Oili ifike alama ya juu. Injini tupu inachukua mililita 600: chupa moja ya nusu lita, na juu yake mililita 100."

Agizo la kwanza halina kitendo hata kimoja. Mtu anaambiwa ahakikishe, haambiwi afungue nini, afute nini, atazame alama gani. La pili ni sahihi lakini linasomeka kama barua ya benki. La tatu linamtosha anayejua tayari. La nne lina mikono ndani yake.

Hayo maneno "bila kukizungusha" yanaonekana madogo, lakini ukizungusha kijiti kwenye nyuzi zake za skrubu kinashuka chini zaidi na kulowana zaidi, nawe unadhani oili ipo wakati imepungua. Injini nyingi za ukubwa huu hupimwa bila kuzungusha. Zipo zinazopimwa kijiti kikiwa kimekazwa. Aliyeomba tu hawezi kujua ya kwake ni ipi, na programu haiwezi kumwambia kwa sababu haijaambiwa jina la injini.

Kuomba tu

Andika "niandikie maelekezo ya kutumia pampu ya maji ya petroli" na utapata orodha safi yenye vichwa vizuri. Shida iko ndani ya hatua zenyewe.

Ya kwanza ni ugonjwa wa hakikisha. Hakikisha pampu iko mahali pazuri, hakikisha mabomba yameunganishwa vizuri, hakikisha hakuna uvujaji. Kila unapoliona neno hilo, jiulize: mkono unafanya nini hapa? "Hakikisha pampu imejazwa maji" iwe "Mimina maji kwenye pampu hadi yafurike." Ukibadilisha hakikisha zote kuwa vitendo, utagundua baadhi hazina kitendo cha kuzibadilishia. Hizo zifute.

Ya pili ni mafuta. Kiswahili kinaita mafuta kitu cha kupikia, cha kupaka, cha kuchoma na cha kulainisha. Injini mpya ya aina hii huuzwa bila oili ndani. Mkulima akisoma "weka mafuta ya kutosha", akajaza petroli na kuvuta kamba, mawili yanaweza kutokea. Injini yenye kihisi cha oili itagoma kuwaka, naye atairudisha dukani akisema ni mbovu. Isiyo na kihisi itawaka, itafanya kazi dakika chache, kisha itakaza. Kwenye karatasi ya mashine neno mafuta lisionekane kabisa. Iwe petroli, dizeli, oili au grisi.

Ya tatu ni kuchanganya mashine. Pampu ndogo za kubeba mkononi nyingi zina injini ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi huiita tu-stroki, na petroli yake huchanganywa na oili. Kwa uwiano wa 25 kwa 1 unaweka mililita 40 za oili kwenye lita moja ya petroli. Injini ya mipigo minne haichanganyiwi kitu. Oili yake ina nyumba yake chini. Ukiuliza bila kutaja aina, jibu linaweza kubeba nusu ya hii na nusu ya ile, na lugha yake ikawa ya uhakika mwanzo hadi mwisho. Programu hizi hutunga kwa kukisia kipande cha neno kinachofuata kutokana na maandishi mengi mno ziliyofunzwa nayo, na ndani ya maandishi hayo pampu zote zimelala pamoja. Ukiuliza tena kesho, hatua ya kujaza maji iliyokuwepo leo inaweza isiwepo.

Njia hii ina faida moja ya kweli. Iombe vichwa tu, bila hatua: kabla ya kuwasha, kuwasha, wakati inafanya kazi, kuzima, kutunza, dalili za matatizo, kuhifadhi msimu wa mvua. Fundi husahau kichwa cha mwisho, na petroli iliyolala miezi mitatu kwenye kaburata huacha utando unaoziba njia zake nyembamba.

Kutafsiri kijitabu

Hapa ndipo namba zilipo, na bila namba karatasi yako ni maoni tu. Kijitabu cha injini ya kundi hili hukupa mambo ya aina hii: oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja, kisha kila saa 100 au miezi 6, chujio la hewa lisafishwe kila saa 50 au miezi 3, na mapema zaidi penye vumbi, nafasi ya plagi milimita 0.7 hadi 0.8. Piga picha kurasa za jedwali kwa mwanga wa mchana, ukurasa mmoja picha moja, na usikate kona. Kisha linganisha kila namba kwa jicho lako, kwa sababu programu inaposoma jedwali kwenye picha iliyopinda inaweza kuchukua namba ya safu ya jirani. Vijitabu vingine huandika desimali kwa koma badala ya nukta, na 0,6 ikipotezwa koma ni sita.

Baada ya namba yanakuja maneno. Kiingereza kinatumia neno moja kwa nati na kwa jamii ya karanga, na tafsiri ya haraka bado huweza kukuletea "kaza njugu mbili". Neno lao la choki ndilo pia la kukaba koo. Makosa ya namna hiyo hayana hatari sana, msomaji anayaona. Hatari iko kwenye maneno ambayo ni ya Kiswahili sahihi na bado yanapotosha.

Tazama neno funga. Funga koki ya petroli: izuie. Funga hosi: iunganishe. Funga boliti: ikaze. Funga pampu: isimike. Mtu mmoja husema yote manne siku moja na hakuna anayechanganyikiwa kwa sababu mkono wake unaonyesha. Karatasi haina mkono. Gawa kazi: koki na vifuniko hufungwa, boliti hukazwa, hosi huunganishwa, pampu husimikwa, injini huzimwa. Mpe programu mgawanyo huo kama kamusi kabla haijaanza kutafsiri, si baada.

Halafu kuna saa. Kijitabu kikisema mwagilia saa 6:00 kabla ya adhuhuri kwa hesabu ya Kizungu, tafsiri mbaya huandika "saa 6 asubuhi", na kwetu saa sita ni jua la utosini, wakati maji mengi yanapotelea hewani. Inatakiwa saa 12 alfajiri. Na "badilisha oili kila saa 100" nayo haimsaidii mtu asiye na mita ya saa kwenye injini. Igeuze kuwa siku: ukipampu saa 5 kwa siku, saa 100 ni siku 20 za kumwagilia. Waambie wachore mstari kwenye karatasi kila siku ya kazi. Mistari 20, oili mpya. Hesabu hiyo haimo kwenye kijitabu chochote. Inatoka kwa mtu anayejua shamba.

Hapa tunafika kwenye jambo zito kuliko yote katika ulinganisho huu. Tafsiri isiyo na kosa hata moja inaweza kuua.

Kwenye boksi la pampu ya inchi mbili kumeandikwa kimo cha kunyonya, mara nyingi mita 7 au 8. Namba hiyo hupimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Pampu haivuti maji kama kamba inavyovuta ndoo. Inapunguza hewa ndani ya hosi, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Usawa wa bahari, hewa ina nguvu ya kuyapandisha mita 10.3 na si zaidi, hata pampu iwe kubwa kiasi gani. Jiji la Arusha liko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa inaweza kuyapandisha takriban mita 8.7. Umepoteza mita 1.6 kabla hujavuta kamba. Mita 8 za boksi zimekuwa 6 na kitu, na bado hujahesabu msuguano ndani ya hosi, chujio lenye majani, na klampu inayopitisha hewa kidogo. Moshi mjini, kwenye mita 800 hadi 900, hasara ni kama mita moja. Injini nayo huchoka: vijitabu vya injini hizi hukadiria upungufu wa asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, yaani karibu asilimia 16 kwa Arusha.

Sasa mkulima ana karatasi iliyotafsiriwa kwa usahihi. Inasema mita 8. Kisima chake cha kuchimba kina maji kwenye mita 7. Anawasha, pampu inanguruma, maji hayaji. Anakaza klampu, anajaza maji upya, hayaji. Karatasi inasema inawezekana, kwa hiyo anafanya kinachoonekana kuwa na akili: anachimba ngazi kwenye ukuta wa kisima na kuiteremsha pampu mita tatu chini. Sasa maji yanakuja. Injini inatoa moshi ndani ya shimo, na kwenye moshi huo kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunusika. Anayeshuka kuongeza petroli hapandi, na anayeshuka kumtoa hapandi pia.

Kijitabu kilisema "tumia mahali penye hewa ya kutosha", na tafsiri ikasema hivyohivyo. Mtu aliyesimama chini ya anga, mdomoni mwa kisima, haoni kwamba anaambiwa yeye.

Karatasi inayotumika huku iandike hivi, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote:

"Pampu isizidi mita 5 juu ya uso wa maji. Pima kwa kamba yenye jiwe. Maji yakiwa chini zaidi, USIISHUSHE pampu kwenye shimo wala kisima. Moshi wa injini ndani ya shimo unaua. Tumia pampu ya kuzamishwa, ya umeme au ya sola."

Mistari hiyo haikutoka kwenye tafsiri, wala isingetoka kwa kuomba tu. Ilihitaji mtu anayejua kwamba watu hushusha pampu visimani, na kwa nini hushusha. Ukishamwambia msaidizi jambo hilo, ataliandika vizuri. Asipoambiwa, hana pa kulipata.

Kuanza na sauti ya fundi

Njia hii inakula nusu siku mara ya kwanza, na inastahili.

Weka pampu chini, kwenye mwanga. Kabla ya kurekodi, bandika vipande vya karatasi vyenye namba kwenye sehemu zake: 1 kifuniko cha kujazia maji, 2 koki ya petroli, 3 kifuniko cha oili, 4 choki, 5 chujio la hewa, 6 swichi, na kuendelea. Piga picha. Ukiruka hatua hii, sauti yote itajaa "fungua hapa, minya hapa, hiki usikiguse", na hakuna programu itakayojua hapa ni wapi.

Kisha fundi afanye kazi yote tangu mwanzo huku akiongea, simu ikiwa karibu na mdomo wake, injini ikizimwa anapoeleza. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Muulize maswali mawili tu kila anapomaliza kitu: watu hukosea nini hapa, na ukikosea unaona dalili gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo dhahabu ya karatasi.

Kugeuza sauti kuwa maandishi kwa Kiswahili kunawezekana, ila programu hujikwaa kwenye majina ya sehemu na kwenye namba za desimali. Sikiliza tena ukiwa na maandishi mbele, na namba zote zichape mwenyewe kwenye orodha ya pembeni pamoja na ukurasa wa kijitabu ulikozitoa.

Ndipo unampa msaidizi kila kitu pamoja na agizo. Hili linafanya kazi:

"Wewe unapanga maneno ya fundi, hubuni. Msomaji ni mkulima anayewasha pampu kwa mara ya kwanza. Kila hatua iwe na kitendo kimoja na ianze na kitendo hicho. Onyo liandikwe kabla ya hatua inayohusika, pamoja na sababu yake. Tumia maneno ya kamusi niliyokupa tu. Tumia namba zilizo kwenye orodha yangu tu. Taarifa ikikosekana andika HAIJULIKANI."

Agizo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Usipompa ruhusa ya kusema hajui, atajaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli. Ukimpa, mara nyingi utaona HAIJULIKANI tatu au nne, na hizo ndizo za kumrudia fundi. Hata hivyo usimwamini kwa hilo pekee.

Tazama kinachotokea. Fundi alisema: "Sasa kabla hujavuta lazima umwagie maji hapa kwenye namba moja mpaka uone yanarudi, maana ukiwasha kavu unaua sili, na sili ikifa maji yanaanza kudondoka hapa katikati." Rasimu ya kwanza ya msaidizi inaweza kutoka hivi: "Jaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha. Kumbuka kuvaa glavu na miwani ya kinga." Sababu imefutwa, dalili imefutwa, miwani ambayo hakuna aliyeitaja imeingia. Msaidizi hupenda kusafisha, na katika kusafisha hutupa "maana". Mwambie arudishe sababu zote, na aondoe kisichomo kwenye sauti. Utapata:

"USIWASHE pampu kavu. Sili huungua, na maji huanza kuvuja kati ya pampu na injini.
Fungua kifuniko namba 1.
Mimina maji safi hadi yafurike.
Rudisha kifuniko, kaza kwa mkono."

Kuhusu urefu: kiwango cha kuandika Kiingereza rahisi kiitwacho ASD-STE100, kilichozaliwa kwenye matengenezo ya ndege, kinataka sentensi ya agizo kwa Kiingereza isizidi maneno 20. Kwa Kiswahili hayo ni mengi mno. Neno kama "utakapoifungua" limebeba mtu, wakati, kitu na kitendo kwa pamoja. Maneno 8 hadi 12 yanatosha hatua moja, na penye "ili", "ambapo" na "huku" ndani ya sentensi moja, ikate.

Fundi wa kweli pia anakuletea yasiyo kwenye kijitabu chochote. Hosi ya kunyonya lazima iwe ngumu yenye spirali. Ile bapa ya kutolea maji ikiwekwa upande wa kunyonya inajibana na maji hayaji. Chujio la mwisho wa hosi liwekwe ndani ya ndoo yenye matundu ili lisilale kwenye tope. Sifongo ya chujio la hewa ioshwe kwa sabuni na maji, ikauke kabisa, iloweshwe oili kidogo na kukamuliwa. Haioshwi kwa petroli, na karatasi iliyo ndani yake haioshwi kabisa. Hugongwa-gongwa tu vumbi litoke. Kwenye vumbi la kiangazi chini ya Mlima Meru, saa 50 za kijitabu ni nyingi. Fundi atakwambia kila juma, na wa kumsikiliza ni yeye.

Udhaifu wa njia hii ni fundi mwenyewe. Akiwa na tabia mbaya ya kazi, kama kuongeza petroli injini ikiwa ya moto, msaidizi ataipanga tabia hiyo kwa Kiswahili kizuri chenye namba. Kwa hiyo rasimu isomwe na fundi wa pili asiyemfahamu wa kwanza. Mwalimu wa mitambo wa VETA Moshi au wa Chuo cha Ufundi Arusha anafaa.

Fundi anaandika, programu inauliza

Hii ni ya kazi ambazo kosa lake halirekebishiki: kuunganisha mota ya pampu ya fezi tatu kwenye volti 400, kusimika jenereta, kufunga mfumo wa gesi ya kupikia. Kazi ya umeme hapa nchini inafanywa na mafundi wenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, na maandishi yake yaanzie mikononi mwao.

Fundi anaandika kwa lugha yake, kisha unampa msaidizi maandishi na agizo moja: "Usibadilishe neno lolote. Uliza maswali 10 ambayo mtu asiyewahi kuigusa mashine hii angeuliza." Akikuta "kaza vizuri", atauliza vizuri ni kiasi gani na kwa spana gani. Akikuta "subiri kidogo", atauliza dakika ngapi. Akikuta "washa kama kawaida", atauliza kawaida ni ipi. Maswali mawili au matatu yatakuwa ya kijinga, yaache. Yaliyobaki fundi anayajibu kwa mkono wake, na hakuna sentensi ya programu inayoingia kwenye karatasi.

Inachosha na haileti karatasi nzuri ya kutazama. Kwa volti 400, uzuri hauna kipaumbele.

Kiswahili moja kwa moja au kupitia Kiingereza?

Ukiuliza kwa Kiingereza jibu huwa na undani zaidi wa kiufundi, kwa sababu maandishi ya mashine yaliyofunza programu hizi ni ya Kiingereza kwa wingi. Lakini ukitafsiri jibu hilo unarudi kwenye njugu na saa 6 asubuhi. Tumia Kiingereza kuelewa kijitabu na kuhakiki namba, na uandike Kiswahili kutoka kwenye sauti. Usichukue jibu la Kiingereza ukaligeuza.

Kwa mama au mzee anayesikia Kimaasai, Kimeru au Kichaga vizuri zaidi, usiiachie programu kutafsiri maonyo. Mtu wa lugha hiyo arekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili, utumwe kwa simu, na maonyo ya moshi na kuwasha kavu yatangulie.

Kabla ya kuchapa

Chukua kalamu nyekundu na uzungushe kila namba kwenye rasimu. Kila moja uitafute kwenye orodha yako. Isiyopatikana inafutwa, hata ikionekana sawa. Kisha tafuta mafuta, funga, hakikisha, vizuri na kutosha, na ushughulike na kila moja.

Halafu mpe karatasi mtu ambaye hajawahi kuwasha pampu, mweke mbele ya mashine, na unyamaze. Unyamaze kweli. Anaposimama na kutazama juu, weka alama kwenye hatua hiyo. Hapo maandishi yameshindwa. Akigeuza karatasi kutafuta picha, picha iko mahali pasipo sahihi. Watu watatu wanatosha kuonyesha matatizo mengi, na mmoja wao awe mtu anayesoma polepole.

Stesheneri yoyote mjini itakuchapia A4 pande mbili na kupiga laminesheni. Herufi zisiwe chini ya ukubwa wa 14, maonyo yawe upande wa mbele, na karatasi itobolewe kona ifungwe kwenye mpini wa pampu kwa waya, mbali na ekzosi. Chini kabisa yaandikwe jina la modeli kama lilivyo kwenye kibati cha injini, tarehe ya karatasi, na jina la fundi aliyeihakiki. Shehena mpya ikija na kibati tofauti, karatasi ya zamani isigawiwe mpaka orodha ya namba irudiwe upya, hata kama pampu zina rangi ileile.